Mume yuko Burma, barua inasomwa na kijiji kizima

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo tuongee barua za askari wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza lenye askari wa huku Afrika Mashariki, waliokuwa Burma (Myanmar ya leo) wakipigana na Wajapani kwenye Vita vya Pili vya Dunia, hasa zile za kwa wake zao.

Wengi waliingia jeshini hawajui kusoma. Kwa hiyo jamaa anamtafuta mwenzake aliyepita shule ya misheni, anasema, yule anaandika, mara nyingi kwa Kiswahili maana ndo lugha ya jeshi, hata kama nyumbani na mkewe wanaongea Kikamba au Kiacholi. Halafu ofisa anaikagua, ukitaja uko wapi panafutwa. Ikifika kijijini mama naye hajui kusoma, anaipeleka kwa mwalimu au katekista asomewe, na majirani wapo hapo hapo wanasikiliza. Sasa niambieni, mwanaume atamwambia mkewe nini cha moyoni hapo?

Ndo maana mi siwakubalii kabisa wanaosema barua zile kavu, salamu tu na hela. Hela yenyewe ilikuwa ujumbe! Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara, familia ikachukue kwa DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na hofu kubwa ya wale wanaume, wakaguzi wenyewe wameiandika kwenye ripoti zao, ilikuwa mke kuondoka au kuchukuliwa na mwingine. Kwa hiyo akiuliza "pesa unapokea wewe mwenyewe?" hapo anauliza pia kama bado upo kwangu, ila kwa namna ambayo katekista anaweza kuisoma kwa sauti bila aibu.

Na upande wa mama je? Barua zisipokuja hana wa kumuuliza. Inawezekana posta imechelewa, inawezekana mume yuko bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua na matope, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita huko mwaka 1944, malaria imemlaza. Au alikuwa kwenye Khedive Ismail, ile meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa torpido na Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa huku kwetu.

Kingi tunachojua kimetoka kwenye ripoti za wakaguzi, barua zenyewe nyingi zimepotea majumbani, za wanawake ndo kabisa. Kwa hiyo naomba sana, kama bibi aliacha sanduku, fungueni. Mkikuta barua pigeni picha pande zote mbili, na bahasha msitupe, muhuri wa posta una tarehe.

Haya, maswali.