Kiuno Kimeamka: Nini Kilikiamsha?

Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana. Asanteni kwa kuacha viazi shambani mkaja. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na hapa Mbeya migongo ya kutibu haikosekani.

Leo namzungumzia mtu ambaye kiuno chake kinauma kidogokidogo kwa miezi au miaka, amekizoea, halafu siku moja kinamkamata hawezi hata kuvaa viatu. Kinakaa hivyo siku tatu, pengine wiki mbili, kisha kinatulia. Baadaye kinaamka tena. Akija namuuliza: nini kimekiamsha? Jibu huwa analo tayari. "Niliinama kuokota mwiko." Mwiko! Na huyu ni mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu akiwa binti.

Ndipo namwomba anisimulie siku iliyotangulia. Mtoto alikuwa na homa, hakulala. Alfajiri alifua nguo za nyumba nzima ameinamia beseni. Mwenye nyumba alipita kudai kodi. Na huo mwiko aliuokota simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sisi tunaikamata ile haba ya mwisho na kuipeleka mahakamani.

Watafiti wa Sydney, Australia, walilichunguza jambo hili kwa watu 999 waliopatwa na maumivu mapya ya kiuno, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walimlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe: ulikuwa unafanya nini muda mfupi kabla ya maumivu kuanza, na ulikuwa unafanya nini siku za nyuma ambazo hukuumwa? Kufanya kazi ya mikono ukiwa umejipinda vibaya kuliongeza uwezekano wa kuumia takriban mara 8. Uchovu, karibu mara 4. Lakini kilichoongoza kwa mbali, takriban mara 25, ni kufanya kazi huku akili iko kwingine. Na maumivu mengi yalianza asubuhi, kati ya saa 1 na saa 6.

Sasa nyie wapakiaji nisikilizeni. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria, lakini wote tunajua inavyopanda kwenye fuso. Saa moja asubuhi, usiku umelala kwa muda wa saa tatu tu, umebeba gunia lililopita kilo 100, na mwenzako anakupigia stori ya mpira huku unapanda ubao. Uzito ni tatizo, sikatai. Ila mizigo mnabeba kila siku. Siku kiuno kilipokamata kulikuwa na kitu kingine juu ya mzigo. Jambo lililonishangaza kwenye utafiti ule ni kwamba mzigo mzito uliwachochea zaidi vijana wa miaka 20 kuliko watu wa miaka 60. Nadhani mzee ameshajifunza kukataa gunia. Kijana anaogopa kuchekwa.

Kuna mzee amenong'ona swali lake hapa mbele, nami nalijibu kwa sauti kwa sababu najua wengi mnalo. Pombe na tendo la ndoa vilikuwamo kwenye mambo waliyoulizwa. Havikuonekana kuchochea maumivu. (Msicheke, mzee ameuliza jambo la maana.)

Na baridi? Hapa kwetu mwezi wa saba kila kiuno kinasingiziwa baridi. Timu hiyohiyo ililinganisha maumivu na taarifa za hali ya hewa: joto, unyevu, mvua. Hawakuona uhusiano wa maana. Jifunikeni, baridi inakera, lakini mkishaitupia lawama hamtaangalia mengine.

Watu wa bodaboda na walimu mnaosahihisha madaftari, mna la kwenu. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2018 uliwafuatilia watu ambao tayari walikuwa na maumivu ya kiuno. Kukaa zaidi ya saa 6 kwa siku kuliambatana na maumivu kuamka, na msongo wa mawazo vilevile. Kwa hiyo abiria akishuka, shuka na wewe unyooke.

Watu wengi kiuno kikikamata wanaamini kuna kitu kimekatika ndani. Kwa kawaida hapana. Mfumo wa neva wa mtu aliyeumwa muda mrefu huwa mwepesi kuamka. Usingizi ukipungua na hofu ikizidi, maumivu makubwa yanaweza kuja bila jeraha jipya. Hofu hiyo ndiyo inayomlaza mtu kitandani wiki nzima, na kulala hivyo kunamchelewesha. Punguza kazi siku mbili tatu, badilisha mkao mara kwa mara, tembea kiasi unachoweza. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2024, uliwahusu watu 701 waliopona maumivu ya kiuno. Nusu ya waliopangiwa ratiba ya kutembea walifika siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiopangiwa ilikuwa siku 112. Na kutembea hakuna risiti.

Ila si kila kiuno ni cha kutembezwa. Ukiumwa mgongo na huku una homa za jioni, unatoka jasho usiku na unakonda, tunatafuta kifua kikuu cha mgongo. Nyie wafugaji mnaokunywa maziwa yasiyochemshwa tunawatafuta na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Aliyeanguka kutoka juu ya lori apigwe picha. Aliyewahi kuwa na saratani asikae nyumbani akijichua. Na mtu ambaye mkojo umegoma au unampita bila kujua, amekufa ganzi sehemu za siri, au miguu inamlegea, huyo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Dada pale nyuma umeuliza kuhusu mikanda ya kiuno inayouzwa stendi. Kwa kuzuia maumivu yasije, tafiti hazijaonyesha kwamba inasaidia. Kama umeshanunua na unajisikia nafuu ukiivaa siku mbaya, vaa. Kama hujanunua, nunua fagio lenye mpini mrefu.