Rula Wacheni Nyumbani

Assalaam aleikum. Watoto wa nyuma njooni mbele, viti vipo. Leo nimeambiwa nizungumze teselesheni za origami, ile sanaa ya kukunja karatasi, kwa wanaoanza, na wanaonijua washajua ntasema nini, wasema huyu bwana akishika maikrofoni ni gridi, gridi, gridi. Ndo hivo, gridi ni ile mistari ya kugawa karatasi vyumba vyumba. Ntasema mpaka muache kuniletea makaratasi yaliyofinyangika kama ya kufungia karanga.

Teselesheni mwazijua, ni kama vigae vya ukutani, umbo moja lajirudia bila kuacha mwanya. Hapa tu ni karatasi moja, haikatwi, haitiwi gundi, yakunjwa basi.

Sasa mimi nilianza na A4. Nikaikata mraba, sentimita 21 kwa 21, nataka vyumba 16 kila upande. Nikashika rula na kalkuleta, 21 gawa kwa 16 yaja 1.3125, haya niambieni hiyo 0.0125 mtaiona wapi kwenye rula ya mtoto wa skuli? Nikasema aah, 1.3 yatosha. Nikachora mistari kwa penseli usiku kucha, stima ikapotea nikawasha tochi ya simu, kufika mwisho chumba cha 16 kina sentimita moja na nusu! Milimita mbili zote nilizozidharau zimejazana pale. Nikajidanganya hazitaonekana. Nikaanza kusokota, huo msokoto ntaueleza mbele, wa kwanza sawa, wa pili sawa, kufika ukingoni marinda yakataa kulala, karatasi imefura kama mahamri.

Shangazi yangu ni fundi wa cherehani. Akaniangalia akacheka mpaka akakaa chini. Akanambia, "Mwanangu, kati haipimwi, kati yakunjwa. Wewe waniona nikitafuta kati ya kitambaa kwa tepu?" Akachukua karatasi nyingine, akakunja nusu, akakunja robo, akakunja thumuni. Vijana hamuijui thumuni, ni moja ya nane, ulizeni wazee, ndo walivyoiita pia ile senti 50. Basi thumuni ukiikunja nusu ushapata 16 yako, hakuna kalkuleta hakuna nini.

Lakini hapa ndo wengi waanguka, maana mtu akifika thumuni aikunja karatasi ikiwa imerundikana tabaka juu ya tabaka, na karatasi ina unene jamani, ya ndani na ya nje hazitalingana. Ifungue yote! Lete ukingo kwenye mkunjo wa kwanza, pasi kwa ukucha, fungua, ukingo uleule mpaka mkunjo wa tatu, fungua, wa tano, wa saba, halafu anza tena kutoka ukingo wa pili. Mistari 15 huku, 15 kule, yote 30, na kila mmoja ukunje mbele ukunje nyuma, uwe mlima uwe bonde, ndo baadaye uitike popote utakapoupeleka. Yachosha? Yachosha. Weka redio.

Najua kuna mmoja hapo afikiria, mwalimu si niprinti tu mistari kwa saiba. Printi. Wino hauikunji karatasi, bado utakaa ukunje zote 30, na printa ikiwa imevuta karatasi kombo ndo umelipia makosa yako mwenyewe.

Haya msokoto, haraka haraka. Marinda manne, kama ya sketi ya skuli, yaja kutoka pande nne yakutane kwenye kamraba kadogo. Yote yalale upande mmoja kwa mzunguko, kama mapanga ya feni, halafu shika kamraba ukazungushe taratibu, usivute kwa hasira. Huu ukizunguka kulia, jirani yake lazima azunguke kushoto, sababu rinda ni moja wanagawana. Ukilazimisha wote kulia utachana.

Karatasi: ile kaki ya kufunikia vitabu vya skuli, nyembamba halafu ngumu, A4 ya kujifunzia si mbaya, gazeti wachana nalo. Na hii hewa yetu ya baharini yalegeza karatasi, mkono una jasho, mkunjo wapotea. Weka kitambaa kando, futa mkono.

Nilitaka niwaelezee Shuzo Fujimoto wa Japani, ambaye misokoto hii miaka ya 1970 ndo alikuwa akiichimba, na Ron Resch kule Marekani hata kabla yake, na Koryo Miura ambaye mkunjo wake ulipanda angani mwaka 1995 na paneli za sola. Lakini nimemaliza muda na rula, kama kawaida yangu, na alasiri yaingia.

Hebu mmoja azime hilo feni, makaratasi yataruka. Kila mtu achukue moja, wasiopata wagawane na jirani, twaanza na nusu. Bwana mdogo, hiyo rula umeitoa ya nini?