Wali Ukiungua, Apigwe?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, Watanzania waliulizwa: ni sawa mume kumpiga mkewe akiunguza chakula? Akibishana naye? Akitoka bila kuaga, asipowaangalia watoto, akimnyima unyumba? Wanaume 40 katika kila 100 walikubali walau sababu moja. Wanawake je? Hamsini na nane. (Minong'ono ukumbini.) Ndiyo, akina mama, tumewapita.

Wapo wanaosema basi wanawake wanapenda kupigwa. Hayo ni maneno ya vijiweni. Mimi nilifundwa hapahapa Temeke, siku tatu ndani, na somo yangu akanambia: akinuna, nyamaza, akikupiga, ya chumbani yabaki chumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alilea watoto sita kwa kunyamaza huko, akanipa silaha aliyokuwa nayo. Anayejibu "apigwe akitoka bila kuaga" mara nyingi anajihesabia tu: mimi huaga, kwa hiyo nimepona.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Imepita miaka zaidi ya 50. Polisi kuna dawati la jinsia, na mwende, msiogope. Lakini ukitoka pale unarudi chumba kinacholipiwa kodi na nani? Na mama mkwe yuko sebuleni, ameshapata habari kabla hujavua viatu. Ndiyo maana mwenye biashara yake, hata ndogo, hujibu kwa sauti nyingine. Si wote, lakini. Nitawaambia kwa nini.

Jirani yangu anakaanga vitumbua barazani kila alfajiri. Siku moja kajitanda kanga mpaka jichoni, ananiambia amegonga mlango. Huo mlango wake, jamani, una mkono wa kulia. Nikamuuliza: binti yako akiolewa, akaunguza wali, apigwe?

Akageuza kitumbua kimoja, cha pili, cha tatu.

"Athubutu! Huyo mkwe atanitambua."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazoea, dada."

Hela ya vitumbua ni yake. Daftari la mauzo analo mumewe.