Masharti ya Mtoaji na Nafasi ya Makumbusho

Mabibi na mabwana, mgeni wa makumbusho ya sanaa hudhani kila anachokiona kilichaguliwa na wataalamu. Mara nyingi sivyo. Tuangalie Glasgow, Uskoti.

Mwaka 1944 tajiri wa meli, Sir William Burrell, na mkewe Constance waliipa jiji hilo mkusanyiko wao, kama vitu 6,000: kauri za China, vioo vya rangi vya makanisa, mazulia ya ukutani, kazi za mchoraji Mfaransa Degas. Mzee aliendelea kununua karibu hadi alipofariki 1958, jumla ikapita 8,000. Ladha ni yake, si ya jiji.

Hati ya zawadi hiyo ilitaka jengo la makumbusho liwe maili 16 au zaidi kutoka katikati ya jiji, yaani kama kilomita 26. Alikuwa na sababu: Glasgow ilijaa moshi wa makaa ya mawe, na masizi yakishaingia kwenye nyuzi za sufu na hariri, kuyatoa ni kuziumiza. Lakini kiwanja cha kufaa kwa umbali huo hakikupatikana, vitu vikalala maghalani miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilipunguza moshi, kisha miaka ya 1960 jiji likapewa Pollok, shamba kubwa lenye bustani ndani ya jiji, na wadhamini wa zawadi wakalegeza sharti. Jengo lilifunguliwa 1983.

Sharti jingine lilikula nafasi moja kwa moja: vyumba vitatu vya kasri lake la Hutton vijengwe upya ndani ya makumbusho. Hata katazo la kuazimisha vitu ng'ambo, kwa kuwa aliogopa safari ya baharini, lilihitaji sheria ya Bunge la Uskoti mwaka 2014 ndipo lilegee.

Nafasi nayo si kuta tu. Zulia la ukutani huwekewa mwanga hafifu, usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya muda lazima lishushwe likapumzike gizani. Huko ghalani haliwezi kukunjwa, maana nyuzi hukatika kwenye mkunjo. Huviringishwa kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, upande wa picha ukiwa nje. Zulia la upana wa mita 4 linataka bomba refu kuliko hapo, pamoja na mlango na ujia wa kulipitisha. Wengi hupima ukuta wakasahau kona ya ujia, na hilo hugundulika siku ya kuhamisha!

Kwa hiyo mtoaji akija, kaeni naye kabla wakili hajaandika. Anayotamani yaandikwe kama matakwa, si masharti. Sharti lisiloepukika liwekewe ukomo, tuseme miaka 25, na atajwe mwenye mamlaka ya kulilegeza baada ya mtoaji kufariki. Ombeni na fedha za ghala, si za jengo pekee. Akishikilia kwamba vyote vioneshwe daima, pamoja, katika chumba kimoja, mshukuruni na mkatae, hata vikiwa vizuri namna gani.