Tangi la Matumbawe Limegeuka Tui

SALIM: Karibuni tena wasikilizaji. Niko na dada yangu Mwanaisha, na leo tumeletewa ujumbe wa sauti kutoka Kilifi. Ndugu yetu ana tangi la maji ya bahari la kufugia matumbawe na samaki, la lita 250, lina miezi saba. Jana alfajiri kalikuta jeupe, mawe ya nyuma hata hayaonekani. Akamimina dawa ya kung'arisha maji, wapi! Dada, aanzie wapi?

MWANAISHA: Aanze na samaki. Maji tutayarudia. Wamepanda juu wanatweta? Matamvua yanakwenda mbio? Kama ni hivyo, pampu moja aielekeze juu mpaka uso wa maji utibuke, na skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu, asiizime hata dakika moja.

SALIM: Mbona haraka hivyo, na maji hata hatujayachunguza?

MWANAISHA: Kwa sababu weupe ule mara nyingi ni bakteria waliozaliana kwa ghafla, na bakteria wanavuta hewa ileile ya samaki. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hayafikishi hata miligramu 7 za oksijeni kwa lita, hata yakishiba. Usiku taa zimezimwa, mwani hautengenezi tena oksijeni, unatumia tu. Mimi nilipoteza samaki wanne usiku mmoja, Salim. Umeme ulikatika jioni, ukarudi, nikaona mambo yako sawa nikalala. Vidudu vilivyomo ndani ya mawe vilikuwa vimeshaanza kufa. Asubuhi maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele.

SALIM: Pole sana, dada. Sasa, atajuaje kama ni bakteria na si kitu kingine?

MWANAISHA: Achote glasi moja ya kioo, aiweke mezani, aitazame. Yakitakata ndani ya dakika moja au mbili, kuanzia chini kwenda juu, hivyo ni viputo vya hewa. Pampu inanyonya hewa mahali fulani, au maji ya chumba cha chini, kile kitangi cha pampu kilicho chini ya tangi kubwa, yamepungua. Mashapo yakituama chini baada ya saa kadhaa, ni vumbi la mchanga. Kama hata kesho yake ukungu haujaondoka, hao ni bakteria.

SALIM: Na chokaa je? Maana wengi wetu tunatia maji ya chokaa ili matumbawe yapate kalsiamu.

MWANAISHA: Enhe, hapo ndipo watu wanapojimaliza. Achote glasi ya pili, atie kijiko cha siki. Ndani ya glasi, jamani, si ndani ya tangi! Ukungu ukiyeyuka, ni chokaa. Ukibaki vilevile, si chokaa.

SALIM: Inakuwaje mpaka maji yageuke tui?

MWANAISHA: Umetia chokaa nyingi kwa pupa, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikapanda kupita 8.5, kalsiamu na kaboneti zikashikana zikawa unga mweupe. Magnesi, madini mengine ya maji ya bahari, ikiwa chini ndiyo kabisa, kwa sababu yenyewe ndiyo inayozizuia zisishikane ovyo. Pitisha kidole kwenye hita, utakuta gamba gumu. Sasa sikiliza mtego wake. Ule unga umekula ualkali wa maji, yaani ile kaboneti inayozuia pH isiyumbe. Mtu anapima, anakuta umeshuka hadi dKH 6 kutoka 8, dKH ndicho kipimo cha ualkali, anaingiwa na hofu, anaongeza tena. Kinachoongezwa kinaganda juu ya unga uliopo, na tangi linazidi kuwa jeupe.

SALIM: Kwa hiyo asitie kitu.

MWANAISHA: Asitie kitu! Asubiri maji yatakate, mara nyingi kesho yake yameshakuwa safi, ndipo apime magnesi kwanza, alenge miligramu 1300 hivi kwa lita, kisha arudishe ualkali kidogokidogo kwa siku kadhaa. Maji ya chokaa yaingie kwa matone, usiku, wakati pH iko chini.

SALIM: Na wakiwa bakteria?

MWANAISHA: Atafute maiti. Konokono, samaki aliyefia nyuma ya jiwe, chakula kilichorundikana. Apime amonia, ile sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza. Siku mbili asilishe, abadilishe maji asilimia 15 au 20, na mawe asiyasugue, bakteria wazuri wamo humo. Mkaa wa chujio unaondoa rangi ya manjano na harufu, bakteria hauwakamati. Taa ya urujuanimno inasaidia, kwa aliye nayo.

SALIM: Huyu ndugu anasema maji yake anayachota baharini, akatia mapya juzi.

MWANAISHA: Loo, hilo angelitanguliza! Maji ya bahari yamejaa viumbe vidogo. Ukiyaweka kwenye pipa vinakufa, bakteria wanavishambulia, maji yanachafuka hukohuko. Na msimu wa masika, mto Sabaki ukishusha tope, bahari ya Malindi inageuka kahawia. Achote mbali na mdomo wa mto, maji yakiwa yamejaa, ayachuje kwa kitambaa kizito, ayafunike gizani wiki mbili huku pampu ikizunguka.

SALIM: Na ile dawa aliyokwisha kuimimina?

MWANAISHA: Inagandisha chembe ili chujio lizishike, kwa hiyo aoshe pamba ya chujio leo leo, na aangalie kikombe cha skima, huenda kikafurika. Asiongeze nyingine. Ndugu yetu, tutumie ujumbe kesho asubuhi utuambie glasi zote mbili zimeonyesha nini. Na leo usiku, tafadhali, amka mara moja uwaangalie samaki.