Mpira Uliozama: Mordecai Brown wa Chicago

Ndugu zangu, fanyeni kama mmeshika chungwa kwa mkono wa kulia: kidole cha shahada na cha kati juu, dole gumba chini. Hivyo ndivyo mrushaji wa besiboli anavyoshika mpira wa kwenda moja kwa moja. Vile viwili vya juu ndivyo vinavyouachia mwisho. Vinaikwaruza mishono kuelekea chini, mpira unaondoka ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo unaubeba usianguke upesi.

Sasa kunjeni cha shahada. Mordecai Brown, mrushaji wa Marekani, mzaliwa wa Indiana mwaka 1876, alikipoteza karibu chote utotoni kwenye mashine ya kukatia malisho ya mifugo. Baadaye akaanguka, cha kati kikavunjika na kuunga kikiwa kimepinda. Mpira ulimtoka ukibingirika juu ya kidole hicho, kwa hiyo mzunguko ukalala upande. Hata aliokusudia uende sawasawa ulizama ukimkaribia mpigaji. Gongo likaugusa kwa juu, ukasota ardhini hadi kwa wenzake uwanjani, Tinker au Evers, naye akamrushia Chance, mlinzi wa kituo cha kwanza, ambako mpigaji hukimbilia. Mpira ukamtangulia: mpigaji nje.

Wapo wanaosema ajali ndiyo iliyompa kipaji. Siafiki. Mpira wa namna hiyo ukikabwa mno kiganjani, au kifundo cha mkono kikilegea, hauzunguki vya kutosha: unaelea katikati, polepole, na mpigaji anashukuru. Brown aliuzoea katika timu za wachimba makaa ya mawe, akafika ligi kuu mwaka 1903 akiwa na miaka 26, katika timu ya St. Louis. Mwaka uliofuata alikuwa Chicago.

Mwaka 1906 alishinda mechi 26, akapoteza 6, na kuruhusu wastani wa pointi 1.04 kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya wenzake. Tuseme haki: enzi hizo mpira mmoja ulitumika hadi ukalainika na kuwa mweusi, ukawanufaisha warushaji wote. Hata hivyo, 1.04!

Tarehe 8 Oktoba 1908, New York, mrushaji mwenzake Pfiester alizidiwa awamu ya kwanza tu. Brown akaingia, akamshinda Mathewson, mrushaji wa New York, 4–2, na Chicago wakaenda kutwaa ubingwa.

Wawili hao walikutana tena tarehe 4 Septemba 1916, mechi ya mwisho ya kila mmoja. Mikono ilikwisha choka: Mathewson alishinda 10–8.