Mwizi wa Dodoma siku hizi anaingia saa nne asubuhi

Asante mwenyekiti wa mtaa, shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliokaa nyuma mlangoni mambo vipi, sogeeni viti vipo. Nimepewa dakika ishirini niongelee wizi hapa Dodoma, mimi nimefanya upelelezi miaka mingi sasa nimestaafu nafuga kuku, kwa hiyo nikichanganya mambo mjue ni kuku hao.

Tuanze na hili la "wizi umezidi", maana hakuna kikao nisichokisikia. Umezidi kuliko lini? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Hapo katikati 2016 serikali ikatangaza inahamia huku kweli kweli, 2018 tukaitwa jiji, ofisi zikaenda Mtumba kwenye mji wa serikali, treni ya umeme nayo ikafika 2024. Sasa piga hesabu ya dukani tu, tuseme kituo kilikuwa kinaandika kesi 100 za kuvunja nyumba leo kinaandika 150, mtu atapiga kelele jamani imeongezeka nusu nzima, na kweli imeongezeka, ila watu wameongezeka asilimia 86, kwa hiyo wewe na nyumba yako uwezekano wa kuvunjiwa umeshuka. Hizo mia na mia hamsini nimezitoa kichwani ni mfano, msije mkazipeleka kwenye magroup mkasema mzee kasema.

Alafu zile zinazoandikwa zenyewe sio wizi wote. Simu ikiibiwa mtu anaenda polisi fasta kwa sababu anataka loss report arudishe laini yake. Pikipiki ya mkopo lazima iripotiwe, mwenye hela yake hatakuelewa. Lakini ndoo, kuku, majeans kwenye kamba, nani anaenda polisi kufuata RB, ile namba ya taarifa, kwa ajili ya ndoo? Kwa hiyo ukiona kwenye takwimu simu ni nyingi usiseme wezi wanapenda simu tu, ni kwamba sisi ndo tunaripoti simu.

Haya, kilichobadilika ni aina ya wizi na muda. Zamani mji mdogo, kibaka alikuwa stendi na sokoni, anachomoa pochi anakimbia, tena wakati mwingine unamjua mpaka kwao. Sasa hivi mji unajengwa, na mji unaojengwa umejaa vitu vya thamani vimelala nje. Nenda Iyumbu, nenda Nala, Nzuguni huko juu, mapagale kila kona, nondo zipo chini, mbao za kenchi zipo, waya umeshatandikwa ndani ya ukuta, na mwenye nyumba yuko Dar anatumiwa picha whatsapp na fundi. Na niwaambie ukweli mtaniwia radhi mafundi mliopo humu, mali nyingi ya saiti haitoki usiku kwa kuruka ukuta, inatoka mchana getini. Simenti inashushwa mifuko hamsini, zinazoingia kwenye zege ni arobaini na tatu, saba zimepanda bajaji. Mwenye mali hata hajui ameibiwa, anajua tu nyumba imekula simenti sana.

Upande wa mchana sasa. Kisasa, Ilazo, kule wanakoishi watumishi, saa moja asubuhi baba kaenda Mtumba, mama kazini, watoto shule, kabaki dada peke yake na saa nne dada anaenda gengeni kununua nyanya. Dakika kumi na tano. Sheria yetu inamkazia zaidi anayevunja nyumba usiku, ndo ilivyorithiwa, kumbe huyu wetu siku hizi anakuja jua linawaka kavaa kiakisi mwanga kama fundi wa dishi na anagonga hodi kwanza, ukiitika anauliza hapa ndo kwa mama fulani. Akiulizia hivyo mara mbili ndani ya wiki jua ramani inachorwa. Wewe umeweka grili, umeweka fensi ya umeme, geti unamwachia mtu ambaye hujui hata anatoka kijiji gani.

Hapo nyuma nasikia mtu anasema dawa ya kupulizia. Jamani, kote nimefanya kazi naambiwa walitupulizia dawa tukalala, daktari wa usingizi hospitali ana mashine, anapima kwa uzito wa mgonjwa na bado anakaa pembeni anamwangalia asife, leo kijana apulizie dirishani chumba kizima mlale mbwa na watoto mkaamke wote wazima? Mlichoka tu mkalala. Na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, mwenzio kaingiza fimbo yenye ndoano kavua suruali na laptop.

Kingine, ukishaibiwa usikae ukisema wamechukua kila kitu hawarudi. Wanarudi. Wanajua mlango ulivyo na wanajua utanunua tivi nyingine. Waingereza miaka ya 1980 pale Kirkholt, mji wa Rochdale, walijaribu kuziimarisha kwanza zile nyumba zilizokwisha kuvunjwa badala ya kutawanya nguvu mtaa mzima, na uvunjaji ulishuka sana. Kwa hiyo ulinzi shirikishi wetu ukipita usiku uanzie kwa aliyeibiwa wiki iliyopita.

La mwisho ni wanunuzi, na hapa najisema mwenyewe. Mwaka juzi waliniibia pampu ya maji kwenye saiti yangu. Miezi miwili baadae natafuta pampu ya mtumba, naelekezwa kwa jamaa mmoja muuza vyuma, naikuta pampu yangu! Ina doa la rangi ya bluu ubavuni nililolimwaga mwenyewe nikipaka geti. Namwambia hii yangu, ananiuliza risiti iko wapi. Sina. Namba ya mashine? Sikuwahi kuandika. Mahakamani ili umfunge mtu kwa kukutwa na mali ya wizi lazima kwanza uitambue mali bila wasiwasi kuwa ni yako, na mimi niliyewaambia watu hivyo miaka yote nilikuwa na doa la rangi tu. Niliporudi asubuhi yake na askari imeshauzwa. Kwa bei ile aliyonitajia, nisingeitambua mimi mwenyewe ningeinunua nikashukuru Mungu.

Ipo bustani moja njia ya Nzuguni wanamwagilia mchicha jioni, kila nikipita nasikia inanguruma vilevile na kale kakikohozi kake ikianza kuvuta. Haya, maswali.